Nilienda Kutembea Tu

Mtu wa Tarime akirudi Januari kutoka Mombasa alikoipeleka familia yake, muulize alikuwa wapi. Jibu litakuja na neno dogo mwishoni: "Nilienda kutembea tu." Amelala siku kadhaa karibu na bahari, amevuka Likoni kwa feri, watoto wamepandishwa ngamia ufukweni Bamburi, mama yao ameonja mahamri kwa mbaazi za nazi, na yote hayo yanaingia katika maneno matatu, la mwisho likiwa la kuyapunguza. Hasemi kwamba alikwenda kutalii. Mtalii, kwa mtu wa Tarime na kwa jirani yake wa Mugumu, ni mtu mwingine kabisa.

Hilo "tu" linanigusa kila ninapolisikia, kwa sababu linasemwa na watu ambao neno utalii linapita mbele ya nyumba zao kila siku. Mugumu ni makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, na wilaya hiyo imebeba jina la hifadhi iliyoanzishwa 1951, yenye kilomita za mraba 14,763, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia 1981. Magari yenye paa la kufunguka hupita Natta na Robanda kuelekea lango la Ikoma, na mtoto aliye kando ya barabara hupaza sauti: "Watalii!" Kwake neno hilo halitaji kitendo cha kusafiri kwa raha. Linataja aina ya mtu: mgeni, mwenye kamera, aliyetoka mbali. Miaka ya karibuni serikali na Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, wamehimiza "utalii wa ndani", na nia yao ni njema. Lakini nyongeza hiyo ya "wa ndani" inaonyesha kwamba utalii mtupu, bila nyongeza, ulikwisha kuhesabiwa kuwa wa watu wa nje.

Neno lenyewe halina kosa. Kitenzi talii kimetoka Kiarabu, na huko kiini chake ni kusoma, kupitia maandishi kwa makini. Kiswahili kililibeba hadi kwenye kuzuru mahali ili kujifunza na kuburudika. Kwa hiyo ukichimba hadi chini, mtalii ni msomaji: mtu anayeisoma nchi jinsi wengine wanavyosoma kitabu. Lipo pia neno jingine lililosafiri njia hiyohiyo kwa kurudi nyuma. Vinjari, katika Kiswahili cha mabaharia, ni kuzungukazunguka majini na chombo huku macho yako wazi, kama wafanyavyo walinzi wa pwani. Wataalamu wa kompyuta walipotaka neno la programu ya kufungulia kurasa za intaneti, walilichukua hilo wakaunda kivinjari. Tazama basi: talii lilitoka kwenye kurasa likaenda kwenye matembezi, na vinjari lilitoka kwenye matembezi likaenda kwenye kurasa. Yamepishana katikati ya lugha yetu, moja likishuka na jingine likipanda. Kenya hawakuliacha vinjari lizame lote kwenye kompyuta, kwa maana magazeti yao ya Kiswahili bado husema mtu amekwenda kujivinjari, yaani kujistarehesha, na mtu wa Tarime akifika Mombasa atalisikia neno hilo kwa maana yake ya raha.

Ningeweza kuishia hapo na kusema: haya, mtu wa Tarime naye ajiite mtalii, haki yake. Sisemi hivyo. Naona Kiswahili kina maneno ya mapumziko yaliyo mazuri kuliko utalii, maneno yaliyotengenezwa na watu waliokwenda kupumzika wenyewe badala ya kupokea wapumzikaji, na kwamba safari ya familia ya Tarime kwenda baharini ndiyo mahali pa kuyatoa kabatini.

Nianze na likizo, kwa sababu bila hiyo hakuna anayekwenda popote. Limetokana na kulikiza, kitenzi ambacho leo hakisikiki sana. Kulikiza ni kumwachisha mtoto ziwa, na pia ni kumpa mtu ruhusa ya kuondoka, kufunga shule, kuachia watu kazi. Mwalimu wa shule ya msingi huko Nyamwaga au Sirari anayengoja likizo ya Desemba anangoja kuachishwa. Naupenda ukali wa picha hiyo. Likizo halianzi na raha, linaanza na kutengwa na kitu ulichokizoea, na mtoto aliyelikizwa hulia kwanza kabla ya kugundua kwamba kuna vyakula vingine duniani. Wafanyakazi wengi nawajua hivyo: siku za mwanzo za likizo wanahangaika na simu za ofisini, halafu taratibu wanaanza kuona kwamba ugali wa mtu mwingine nao ni mtamu.

Kisha kuna ng'ambo. Wengi wakilisikia neno hili wanafikiria Ulaya au Marekani, lakini ng'ambo ni upande wa pili tu, wa mto, wa mkono wa bahari, wa barabara hata. Mto Mara, ambao kwa sehemu unazitenga wilaya za Tarime na Serengeti, unamfanya mtu wa Nyamongo kuwa ng'ambo ya mtu wa upande wa Mugumu. Na huko Sirari, mpakani na Kenya, ng'ambo ni Isebania, mwendo wa miguu. Hapo wapo Wakurya kwa Wakuria: Tanzania tunawaandika kwa y, Kenya wanawaandika kwa i, na mtu anaweza kubadilishiwa herufi moja ya kabila lake kwa kuvuka kwenda kumsalimia shangazi. Ndiyo maana safari ya Mombasa, ambayo kwa vitabu vya uhamiaji ni safari ya nchi za nje, kwa mtu wa Tarime haina uzito wa neno ughaibuni. Ughaibuni ni mahali pa kughibu, pa kutoonekana. Anayevuka Sirari anaonekana bado. Anakutana na watu wanaomwita mura, yaani kijana, kama alivyoitwa asubuhi kwao, na kwa sehemu ya njia bado anasikia lugha ya mama yake.

Mpaka huo una jambo ambalo ningependa kila mzazi amweleze mwanawe ndani ya basi. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hizi 1886 walichora mstari kutoka mdomo wa Mto Umba, karibu na Vanga, ukapita kaskazini ya Kilimanjaro hadi ufuko wa mashariki wa Ziwa Nyanza. Maana yake ni kwamba mstari unaopita Sirari ndio uleule unaozama baharini Vanga. Familia ya Tarime ikiwa Mombasa, ikashuka kusini siku moja hadi Shimoni na kupanda mashua kwenda Kisiwa cha Wasini, imefika jirani na ncha ya pili ya mpaka wa nyumbani kwao. Imesafiri nchi nzima ya Kenya kukutana na mstari ulioachwa Sirari.

Nyumbu wanaufahamu mpaka huo kwa namna yao. Kati ya Julai na Oktoba wanajaa Kogatende na Lamai, wanajitumbukiza katika Mto Mara mbele ya mamba, wengi wao wanaingia Maasai Mara na baadaye wanarudi. Ni zaidi ya milioni moja, pamoja na pundamilia, na hakuna anayewauliza hati ya kusafiria. Kiswahili kimewatenganisha kwa silabi moja na ofisi ya pale Sirari: wao wana uhamaji, ofisi ina Uhamiaji. Anayehama anaondoka, anayehamia anafika, na hiyo i ndogo katikati ndiyo inayogongewa mhuri.

Sasa bahari. Hapa ndipo neno linapomfundisha mtu wa bara kitu ambacho picha za simu hazimfundishi.

Pwani limetokana na kupwa. Maji hupwa, yaani hushuka na kuondoka, kisha hujaa. Pwani ni mahali pa kupwa, mahali ambapo maji yanaondoka na kurudi. Si kila ukingo wa maji makubwa ni pwani. Ziwa Nyanza, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, halipwi kwa kiasi ambacho jicho litakitambua. Maji yake hupanda na kushuka kwa miaka na misimu. Yalipopanda 2020 yaliingia kwenye mialo na mashamba, yakakaa, watu wakahamisha vibanda vyao. Kwa hiyo ziwa lina ufuko, lina ufukwe, lina mwalo ambapo mitumbwi hushusha dagaa na sangara, lakini pwani halina. Wenyeji wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Watasema wanakwenda ziwani, au mwaloni, au watasema bichi kama wana miadi Musoma jioni. Pwani wanaiachia bahari na mkoa wenye jina hilo.

Tarime yenyewe siku hizi haina hata ziwa. Wilaya ya Rorya ilipomegwa kutoka kwake 2007, ufuko wote ulikwenda na Rorya, Shirati na Kinesi zikiwa humo. Mtoto aliyezaliwa Tarime mjini baada ya hapo amezaliwa katika wilaya ya milima, migomba, kahawa na mahindi. Anaweza kufikisha miaka kumi bila kuona maji ambayo hayana upande wa pili. Mpeleke mtoto huyo Mombasa, alale amechoka, aamke asubuhi akimbilie baharini, akute bahari haipo. Kuna mchanga mrefu uliolowa, majani ya bahari yamelala, kaa wanakimbia, wanawake wameinama kwenye mawe wanatafuta pweza, na maji yenyewe ni mstari mweupe kule mbali kwenye miamba. Atauliza yamekwenda wapi. Jibu sahihi ni fupi na liko ndani ya jina la mahali aliposimama: yamekupwa, ndiyo maana panaitwa pwani.

Likizo nzuri ya baharini hupangwa juu ya maneno haya. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, takriban kila saa 12 na dakika 25, hivyo kila siku saa ya kujaa inasogea mbele karibu dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, na hapo ndipo bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na Mombasa tofauti kati ya juu na chini hupita mita 3. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yanayosogea kidogo. Anayetaka kutembea kwa miguu hadi kwenye miamba kuangalia nyota za bahari na samaki wadogo waliobaki madimbwini, achague bamvua na atoke maji yanapokupwa, pamoja na mwenyeji anayejua saa ya kurudi. Anayetaka watoto wake waogelee karibu na mchanga bila kufukuzia maji, maji mafu yatamfaa zaidi. Nahodha wa boti yenye sakafu ya kioo hatakuuliza unataka saa ngapi. Atakuambia maji yanasemaje. Mtu wa Tarime huielewa lugha hiyo haraka kuliko mtu wa jiji, maana naye amekua akipanga kazi zake kwa mvua na si kwa saa ya ukutani.

Na baada ya kuogelea, je, siku inayofuata? Hapa ndipo makampuni ya usafiri yanapoandika "safari ya siku moja". Ni maneno ya kueleweka, siyalaumu, lakini yanahesabu tu. Hayasemi kitu chochote kuhusu siku hiyo. Kiswahili kina kitenzi kizima kwa jambo hili, na kila mtu wa Mkoa wa Mara anakitumia kabla ya jua kuzama: kushinda. "Umeshindaje?" tunaulizana alasiri. Kushinda ni kuwa mahali mchana kutwa, na mwenzake ni kulala, kuwa mahali usiku kucha. Lugha yetu imeigawa safari kwa vitenzi hivyo viwili tangu zamani. Ukiuliza, "Mtalala huko au mtashinda tu?" umeuliza kila kitu ambacho mwenye gari, mpishi na bibi aliyebaki nyumbani wanahitaji kujua. Tulishinda Wasini. Tulishinda Ngomeni. Kesho tutashinda Gedi. Na kwamba kitenzi hichohicho maana yake nyingine ni kupata ushindi ni zawadi ambayo sitaikataa: aliyeshinda Wasini amelipata jambo lake.

Jina la kushinda huko kwa raha, na chakula kikiwa kwenye kapu, ni mandari. Kwenda mandari ni kutoka pamoja, ndugu au marafiki au darasa, kwenda mahali pazuri, kula huko, kucheza huko na kurudi jioni. Neno limezoeleka zaidi Zanzibar na Mombasa, na bara limefunikwa na pikiniki, ambalo nalo si baya, ila limekuja peke yake bila ndugu. Mandari lina ndugu. Linafanana na mandhari kiasi kwamba watu huyachanganya, na hata mchanganyiko huo unafaa, kwa sababu mandari ni kwenda kula mbele ya mandhari. Ubaya wake ni mmoja tu, kwamba tumeliacha likae kwenye kamusi na kwenye midomo ya wazee wa mwambao. Ningependa kulisikia Bomani Tarime na sokoni Mugumu.

Mandari za Mombasa zenyewe ni nyingi, nami nina nizipendazo. Ya kwanza si ngome maarufu. Ni Haller Park, Bamburi, iliyooteshwa juu ya machimbo ya kiwanda cha saruji. Mawe ya matumbawe yalichimbwa hadi kikabaki chungu cha mwamba mtupu na maji ya chumvi. Kuanzia 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, akapanda humo mivinje, mti unaovumilia chumvi, na jongoo wakasaidia kusaga majani yake yaliyoanguka hadi udongo ukapatikana. Leo ni msitu wenye twiga, mamba na viboko. Mtu aliyetoka Nyamongo, ambako mashimo ya mgodi wa dhahabu wa North Mara ni sehemu ya mandhari, hutembea humo kwa makini kuliko wageni wengine, na maswali yake kwa waongozaji huwa ya kikazi: ilichukua miaka mingapi, mti gani ulitangulia, nani alilipa.

Hapo pia ndipo Kiswahili kinapomwongezea mtu wa bara mnyama. Mara tunalo neno kobe, linatutosha. Baharini kuna kasa, mwenye makasia badala ya miguu, anayetoka majini kuja kutaga mchangani usiku. Ni wanyama wawili na lugha imewapa majina mawili yasiyofanana hata herufi ya mwisho. Kobe mkubwa aliyepata sifa hapo Haller Park aliitwa Mzee. Desemba 2004, wakati mawimbi ya tsunami yalipopiga, mtoto wa kiboko aliokolewa karibu na Malindi, akaletwa hapo, akamwandama Mzee huyo kama mama yake. Wakamwita Owen. Watoto wa Mara, ambao kiboko kwao ni mnyama wa kuogopwa mtoni na wa kuharibu mashamba, husikiliza hadithi hiyo wakiwa hawaamini.

Ngome ya Yesu iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 inastahili asubuhi moja, kabla jua halijachoma mawe yake. Wakati wa kuitembelea mimi huifikiria Fort Ikoma, ngome ya Wajerumani kule Serengeti, kwa kuwa maneno yetu yamezitenga kwa namna ya ajabu. Ya Mombasa tunaiita ngome. Majengo ya Wajerumani mara nyingi tumeyaita boma, jina lilelile la zizi la ng'ombe na uzio wa miiba unaoizunguka kaya. Nadhani watu walioyapa majina walikuwa waangalifu: ngome hutazama nje kwa mizinga, boma hutazama ndani kwa hesabu ya mifugo na kodi.

Feri ya Likoni ni mandari ya maskini na tajiri. Waendao kwa miguu hawalipi. Nimeona familia zikivuka kwenda na kurudi bila shughuli yoyote upande wa pili isipokuwa kutazama meli kubwa zikiingia Kilindini. Hiyo ni ng'ambo kwa maana yake ya asili kabisa, na watoto wanaikumbuka kuliko ngome.

Majina ya michezo mipya ya majini bado yanatafutwa. Kuogelea tunalo, na ndani yake limo kuoga, jambo linalofaa kwa watu waliojifunza maji kwa kuoga mtoni na kukatazwa kukaa sana kwa sababu ya mamba. Kupiga mbizi tunalo, la kale na thabiti. Kwa ule mchezo wa kuelea kifudifudi ukiwa na miwani na bomba la kupumulia, manahodha wengi hutamka neno la kigeni jinsi lilivyowafikia. Mimi ningesema kuchungulia matumbawe, kwa maana hicho ndicho kinachofanyika: mtu analaza uso juu ya maji na kuchungulia nyumba ya wengine. Vijana wanaovutwa na upepo juu ya ubao kule Paje, Unguja, na Diani, wanaweza kuitwa watelezaji wa tiara, kwa sababu tiara ndiyo kishada chenye uzi ambacho kila mtoto wa pwani amewahi kukirusha. Vitu hivi si vikubwa, lakini mtu asiye na jina la mchezo huona mchezo si wake, akabaki mchangani ameshika viatu vya wenzake.

Na wanaobaki mchangani wana kitenzi bora kuliko vyote. Kupunga upepo. Kupunga ni kutikisa huku na huku, kama mkono wa kuaga. Kupunga pepo ni kazi ya waganga, kumtoa mtu mashetani kwa ngoma. Kupunga upepo, au kupunga hewa, ni kukaa mahali penye hewa njema jioni, bila kazi, ukiacha upepo ukufikie. Silabi moja tu inatenganisha uganga na mapumziko, na sioni kwamba ni bahati. Aliyebeba mwaka mzima wa madeni ya ada, wa mazishi, wa kesi za mipaka ya mashamba, akikaa ufukweni Mama Ngina, Mombasa, jioni ya Desemba kaskazi ikivuma kutoka baharini, kuna kitu kinatoka kwake. Akiwa na wenzake na mazungumzo, hapo anabarizi, kitenzi kilichozaliwa na baraza. Wakurya wana baraza zao, tena nzito, za kuamua mambo. Kubarizi ni baraza isiyo na jambo la kuamua, na wazee wa kwetu wakiionja huipenda haraka.

Maneno haya yote hayahitaji bahari. Ni hilo ninalolitaka hasa. Kijana wa Robanda au Mugumu anaweza kumaliza shule bila kuingia katika hifadhi iliyo mwendo mfupi kutoka kwao, isipokuwa kwa kile kinachoitwa ziara ya mafunzo. Neno hilo la shuleni lina haya ndani yake. Linaomba radhi kwa raha kabla raha haijatokea, na mtoto akirudi anaandikishwa ripoti. Hifadhi yenyewe imepewa jina linalotokana na kuhifadhi, kitenzi kinachotumika pia kwa aliyeiweka Kurani nzima moyoni. Hakuna kinachowekwa moyoni kwa haraka ya kujaza daftari. Kinawekwa kwa kukaa, kula chini ya mti, kutazama twiga akitafuna mpaka umechoka kutazama, kulala usingizi mfupi, kuamka na kutazama tena. Na mlima wa karibu, na kingo za ziwa kule Musoma, na mashamba ya kahawa ya wajomba, kote huko mtu anaweza kushinda siku nzima bila ripoti.

Walimu wakuu wa wilaya hizi mbili, barua kwa wazazi ingeweza kuandikwa hivi: "Jumamosi darasa la sita litakwenda mandari Serengeti. Watoto watashinda huko na kurudi jioni. Mzazi amfungie mwanawe chakula cha mchana, maji, na kofia. Hakuna daftari."